Miungu ya Roma: ni mti na jiwe tu, au ni mashetani? Waandishi wa Kikristo wa kale walimaanisha kipi?

Msomaji_Usiku

Wakuu habari za saa hizi.

Kuna kitu kinanisumbua hii wiki ya tatu, naomba wenye uelewa wa historia ya kanisa na Roma ya kale mnisaidie. Nimekuwa nasoma wale waandishi wa Kikristo wa mwanzo mwanzo, watetezi wa imani kuanzia karne ya 2 mpaka ya 5, hasa pale wanapozishambulia dini za Wagiriki na Warumi. Nilianza na Minucius Felix, kile kitabu chake kidogo cha marafiki watatu wanatembea ufukweni pale Ostia karibu na Roma, mmoja wao anaitwa Caecilius akapita kwenye sanamu ya Serapis, mungu wa asili ya Misri, akapeleka mkono mdomoni kuibusu kama desturi yao ilivyokuwa, na mjadala wote ukaanzia hapo. Nikaenda kwa Tertullian wa Karthago, ule utetezi wake wa mwaka 197, sahivi niko kwa Lactantius, mtetezi wa mwanzoni mwa karne ya 4.

Sasa tatizo langu ndo hili. Ukurasa mmoja jamaa anakwambia sanamu si kitu, ni mti, ni shaba, panya wanazitafuna, buibui wanatanda utando usoni kwa mungu na mungu katulia tu. Sawa, nimeelewa. Funua kurasa chache mbele, mwandishi yule yule anakwambia humo ndani ya sanamu kuna pepo wachafu, wanakula moshi wa kafara, wanatoa utabiri, wanaumiza watu. Halafu katikati hapo keshakwambia tena kwamba hao miungu walikuwa binadamu tu, wafalme waliokufa zamani, Jupiter alitawala Krete akafia hukohuko na kaburi lake linaonyeshwa.

Kipi ni kipi? Kama si kitu haiwezi kuwa shetani, na kama ni shetani basi ni kitu tena kitu cha kutisha. Kwani hawakuona kwamba wanajipinga wenyewe? Au walikuwa wanaokota kila jiwe linalopatikana ilimradi limfikie mpinzani? Na la pili, hivi wapagani wenyewe waliamini kweli kwamba ile sanamu ndo mungu mwenyewe, au hilo walisingiziwa? Sitafuti ubishi wa dini ipi ni ya kweli, nataka kuelewa hizi hoja zilikaaje vichwani mwa watu wa wakati ule.

Natanguliza shukrani.

Karani_wa_Kale

Mkuu umeuliza swali zuri sana, na sio wewe wa kwanza kukwama hapo.

Anzia kwa Paulo, maana hawa wote wamemsoma yeye. Fungua Wakorintho wa Kwanza sura ya 8, anasema sanamu si kitu katika ulimwengu. Nenda sura ya 10 ya barua ileile, anasema vile vitu wanavyotoa sadaka wanavitoa kwa mashetani. Barua moja, mtu mmoja, sura moja tu katikati. Na yeye mwenyewe anajiuliza palepale, je nasema sanamu ni kitu? anajibu hapana. Kwa Paulo kuna mambo mawili tofauti, kuna ile sanamu na kuna anayepokea ile sadaka. Ni kama kiti cha mfalme ambacho mfalme wake hayupo na hajawahi kuwepo, kiti ni kitupu kweli, ila kuna mhalifu kaona watu wanapiga magoti mbele ya kiti akaenda akakaa.

Sasa njoo kwenye kitu ambacho mimi binafsi kilinifungua macho. Zaburi ya 96 mstari wa 5. Biblia ya Kiswahili ya Union utakuta miungu yote ya watu "si kitu", kwa sababu imefuata Kiebrania, neno la pale ni elilim, vitu ovyo visivyo na maana. Lakini Wayahudi waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki karne kadhaa kabla hawa watetezi hawajazaliwa, pale waliweka daimonia. Miungu yote ya mataifa ni daimonia! Na Wakristo wa mwanzo walikuwa wanasoma hiyohiyo ya Kigiriki, na Walatini nao walitafsiri kutoka hiyo, kwa hiyo mstari uleule mmoja una sura mbili, "si kitu" na "mashetani", na huo mgongano unaouona kwa Minucius Felix ulikuwa umeshaingia kwenye Maandiko yenyewe kabla yake.

Ila ujue neno daimon kwa Mgiriki wa kawaida halikuwa tusi. Daimon ni kiumbe wa katikati, juu ya mtu chini ya mungu, anapeleka maombi juu na kuleta majibu chini, hayo yamo mpaka kwa Plato. Alichofanya Yustino Mfiadini, yule mzaliwa wa Neapolis ya Palestina aliyemwandikia Kaisari Antoninus Pius miaka ya 150 na kitu, ni kulichukua neno la wapinzani wake akaligeuza. Anasema ndio, hao viumbe wa katikati wapo, mna haki kuwaogopa, ila ni waasi. Zamani waliwatokea watu wakawatia hofu, watu kwa kutojua wakawaita miungu, na kila mmoja wakamwita kwa jina alilojipa mwenyewe. Halafu anaongeza kitu kizito, kwamba Socrates alipojaribu kuwafichua kwa kutumia akili wakahakikisha anauawa kwa kosa la kutoamini miungu, na sisi Wakristo leo tunashtakiwa kosa hilohilo. Maana hilo usilisahau mkuu, miaka hiyo waliokuwa wanaitwa wakana Mungu ni Wakristo! Hawana sanamu, hawana hekalu, hawatoi kafara, kwa jirani yake Mrumi huyu mtu hana dini kabisa.

Hoja ya wafalme waliokufa nayo ina mwenyewe, tena mpagani, Euhemerus, Mgiriki wa karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, aliyeandika stori ya safari ya kisiwani alikokuta nguzo ya dhahabu imeandikwa matendo ya Zeus na baba zake kama wafalme wa kawaida. Mshairi wa Kirumi Ennius akaileta kwa Kilatini, na Lactantius unayemsoma sasa hivi kanukuu vipande vingi vya hiyo ya Ennius.

Kwa hiyo wanavyoiunganisha ni hivi: mtu maarufu kafa, watu wakamchongea sanamu wamkumbuke, wajukuu wakasahau kwamba ilikuwa kumbukumbu wakaanza kuabudu, pepo nao wakaona hapa pana nafasi wakaingia. Mti ni mti, mfalme ni marehemu, anayekula moshi ni pepo. Ni hadithi moja yenye hatua tatu. Nakubali sio wote waliipanga hivyo kwa utulivu, Tertullian anaandika kama wakili aliyesimama mahakamani, anatoa kila alichonacho, lakini ukimwuliza angekupangia hivyohivyo.

Nuru_M

Karani umeeleza vizuri sana kaka, ila swali la pili la mleta mada umelipita na mimi ndo naona lina uzito zaidi. Kusingiziwa.

Wapagani wasomi walilijibu hili mapema kabisa. Celsus, aliyeandika dhidi ya Wakristo kama mwaka 177 mpaka 180 hivi, anauliza kwa mshangao, ni nani asiye mtoto mchanga anayedhani hizi ni miungu? Ni vitu vilivyowekwa wakfu kwa miungu, ni mifano yao. Tena anamtaja Heraclitus, mwanafalsafa wa karne nyingi kabla ya Kristo, kwamba kuiomba sanamu ni sawa na mtu kuongea na nyumba. Yaani Mkristo anakuja karne ya 2 na hoja yake ya mti na jiwe akidhani kaleta jambo, kumbe Wagiriki wenyewe walishasemana zaidi ya miaka 600 nyuma!

Porphyrius, mwanafalsafa mpagani wa karne ya 3, ndo kaniuma zaidi. Anasema asiyejifunza akitazama sanamu anaona mti na jiwe tu, kama asiyejua kusoma anavyoona kwenye maandishi jiwe, kwenye kibao mti, na kwenye kitabu mafunjo. Hebu tulia na hiyo sentensi kwanza. Kwake sanamu ni maandishi, na anayesema "hii ni mbao tu" anatangaza kwamba hajui kusoma. Na Kaisari Julian, aliyetawala 361 mpaka 363, yeye alilelewa Mkristo akarudi kwenye miungu, kwa hiyo alikuwa anazijua hoja zote mbili kutoka ndani, anamwandikia kuhani mmoja kwamba sanamu sio miungu lakini anayempenda baba yake anafurahi kuiona picha ya baba yake, anayempenda mfalme anafurahi kuiona sanamu ya mfalme.

Na ona jinsi tulivyoyapata haya. Kitabu cha Celsus kimepotea, sehemu kubwa tunayo kwa sababu Origen, mwanateolojia Mkristo, alimjibu kama mwaka 248 kwa vitabu 8 akimnukuu kipande kwa kipande. Maneno ya Porphyrius kuhusu sanamu yapo kwa sababu Eusebius, askofu na mwanahistoria wa kanisa, aliyanukuu ili ayapinge. Vile vitabu vya Porphyrius dhidi ya Wakristo vyenyewe viliamriwa kuchomwa moto mwaka 448. Kwa hiyo mimi nikisoma watetezi nasoma kwa mikono miwili, mmoja unashika alichosema yeye, mwingine unashika alichokuwa anajibu.

Naona kabisa waliwaonea. Sio kwa ubaya labda, ila waliwaonea.

Msomaji_Usiku

Dada Nuru asante, hiyo ya Porphyrius sikuwa naijua kabisa, imenifanya nisimame. Na Karani nimefungua Biblia hapa mezani, nimeona, asante sana.

Sasa ila Nuru, wote uliowataja ni wanafalsafa na mfalme. Yule mtu wa kawaida aliyekuwa anaenda hekaluni na njiwa wake mkononi je? Yeye aliona maandishi au aliona mungu? Maana inawezekana Celsus anawasemea watu ambao hawakuwahi kuwaza kama yeye.

kibatari77

Msomaji hapo umegusa, na kuna shahidi mmoja hatajwi sana na mimi nampenda kuliko wote. Arnobius wa Sicca.

Sicca ni mji wa Afrika ya Kirumi, leo ni El Kef Tunisia. Arnobius alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema, mtu maarufu mjini, na alikuwa anawapinga Wakristo waziwazi. Jeromu, msomi wa kanisa, anasimulia kwamba alipotaka kuokoka kutokana na ndoto, askofu hakumwamini, akaona huyu jana tu alikuwa anatushambulia, kwa hiyo Arnobius akaandika vitabu dhidi ya dini yake ya zamani kama dhamana kwamba kweli kageuka. Vitabu 7, zama zilezile za mateso ya Kaisari Diocletian kwa Wakristo mwanzoni mwa karne ya 4. Na unaona kabisa ni mtu ambaye Biblia haijui vizuri bado, hanukuu Maandiko karibu kabisa, ila dini ya wapagani anaijua mpaka jikoni.

Sasa kwenye kitabu cha kwanza anaungama. Anasema hivi juzi tu nilikuwa naabudu sanamu zilizotoka tanuruni, miungu iliyofuliwa kwa nyundo juu ya fuawe, mifupa ya tembo, vitambaa vilivyofungwa kwenye miti mikuukuu, na nikikuta jiwe lililopakwa mafuta likang'aa nilikuwa naliheshimu kama vile kuna nguvu inakaa ndani yake, naliongelesha, naliomba mema wakati halina hisia yoyote. Mkuu huyo sio bibi wa kijijini, huyo ni profesa! Mtu ambaye watu wanalipa ada awafundishe watoto wao kusema. Na alikuwa anaongea na jiwe. Kwa hiyo dada yangu Nuru nakuheshimu sana ila nikiwekewa mezani Porphyrius na Arnobius, nani anajua zaidi kilichokuwa kinatokea barabarani, mimi nashika wa Arnobius, kwa sababu yeye anajisema mwenyewe na hana cha kufaidi kwa kujidhalilisha hivyo.

(Najua mtaniambia kaokoka kwa hiyo anatia chumvi. Inawezekana. Ila jiwe lile na mafuta yale hayakutungwa, desturi ya kupaka mawe mafuta inatajwa na wapagani wengine pia.)

Na kwa vile nimemtaja siwezi kuondoka bila kusema habari ya ng'ombe. Kitabu cha 7 anajadili kafara za damu, na anamleta ng'ombe mbele ya Jupiter anapewa sauti. Ng'ombe anauliza, ee Jupiter, au mungu yeyote uliye, hii ni haki kweli, mwenzangu akikosa mimi ndo nichinjwe? Mimi nilikukosea nini, niliwahi kuapa jina lako kwa uongo, niliwahi kuiba, kuchafua ndoa ya mtu? Au kosa langu ni kwamba mimi ni mnyama sina maneno? Anaendelea hivyo kirefu, anasema na mimi nazaa, nawapenda wanangu, roho inayotupa uhai si ileile? Nimesoma waandishi wengi wa enzi hizo na sijakuta tena mtu kasimama upande wa mnyama namna hiyo. Hapo hamshambulii mpagani kwa kejeli za buibui na panya, anamuuliza swali ambalo kila mtu aliyewahi kushika kamba ya mnyama anayepelekwa kuchinjwa ameshalisikia moyoni.

Na Nuru hapa utafurahi: hata hili la damu Porphyrius alishalisema, ana kitabu kizima cha kuacha nyama, na humo anasema wanaofurahia moshi na damu ni pepo wabaya, miili yao inanenepa kwa huo moshi. Mpagani huyo! Kwa hiyo Eusebius na baadaye Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika, walichofanya ni kumgeukia wakamwambia, basi umesema mwenyewe, mahekalu yenu yote yanatoa damu na moshi, anayekula ni nani?

Nuru_M

kibatari nimekubali kwa Arnobius, sikumpa nafasi yake. Hiyo ya ng'ombe naenda kuitafuta leo leo.

Ila bado nasema, kumshinda mtu wa kawaida sio kumshinda Porphyrius. Kuna Mkristo yeyote aliyeijibu ile hoja yenyewe, kwamba mimi siabudu jiwe, jiwe ni ishara tu?

Mama_Shajara

Yupo wanangu, Augustino, na jibu lake ni la kipekee kiasi kwamba nashangaa halitajwi kila siku.

Kwenye mahubiri yake juu ya Zaburi ile inayosema sanamu zina vinywa lakini hazisemi, anamleta mpagani msomi anayesema maneno yaleyale ya Nuru, mimi siabudu sanamu wala pepo, natazama tu ishara ya kile ninachopaswa kuabudu. Augustino hambishii kwamba anasema uongo. Anakwenda kwenye moyo wa binadamu. Anasema shida ni umbo. Ukiweka mbele ya mtu kitu chenye macho, mdomo, masikio, mikono, ukakiinua juu mahali pa heshima watu wakawa wanakiomba, hata kama akilini anajua hakisikii, nafsi yake inavutwa kukiona kinasikia. Vile vinywa na macho vina nguvu zaidi ya kuipinda nafsi kuliko ukimya wake ulivyo na nguvu ya kuinyoosha. Na anajua watamrudishia, kwamba na ninyi kanisani mna vyombo vya dhahabu na fedha vilivyotengenezwa na mafundi, anajibu ndiyo, lakini je vina vinywa visivyosema, vina macho yasiyoona? tunaviomba? Sijui kama Porphyrius angeridhika, ila hapo mtu kajibu hoja yenyewe, hajamkwepa.

Na ukitaka kumwona kwenye uwanja wa mapambano mwenyewe, mwaka 1990 Mfaransa François Dolbeau alikuta Mainz Ujerumani hati ya zamani yenye mahubiri 26 ya Augustino, mengine yalikuwa hayajulikani kabisa au yalijulikana vipande tu. Moja ni refu kupita kiasi, alilitoa tarehe 1 Januari, inakadiriwa mwaka 404, siku ambayo mji mzima uko nje kwenye sikukuu ya mwaka mpya ya wapagani, zawadi, pombe, michezo, na yeye anawashikilia waumini wake ndani ya kanisa wafunge na wasikilize.

Kingine ni Varro. Roma ilipovamiwa na Wagothi wa Alaric Agosti 410, wapagani walisema mmeona, tumeacha miungu yetu na mji umeanguka. Lawama yenyewe ilikuwa ya siku nyingi, Tertullian miaka 200 nyuma alishalalamika kwamba mto Tiber ukipanda ukafika kwenye kuta, mto Nile usipopanda ukafika mashambani, mvua ikigoma, njaa ikija, kelele ni moja tu, Wakristo kwa simba! Augustino akaanza kujibu mwaka 413, hakumaliza mpaka 426, vitabu 22. Na humo silaha yake kubwa ni Varro, msomi mkubwa wa Roma wa karne ya 1 kabla ya Kristo, aliyeandika vitabu 41 vya mambo ya kale ya Kirumi, 16 kati ya hivyo ni vya mambo ya miungu. Vimepotea, na mengi tunayoyajua ya zile juzuu 16 tunayajua kupitia huyuhuyu mpinzani.

Varro ndo anamwezesha kuwaorodhesha miungu wadogo wadogo. Mlango mmoja tu una miungu watatu, Forculus wa ubao wa mlango, Cardea wa bawaba, Limentinus wa kizingiti. Augustino anasema binadamu mmoja akiwekwa bawabu analinda mlango wote peke yake kwa sababu ni binadamu, hawa wamewekwa watatu maana Forculus hawezi kulinda mlango na bawaba na kizingiti kwa pamoja. Anaenda hivyo hivyo mpaka shambani kwenye ngano, mungu wa mbegu ikiwa chini ya udongo, mwingine ikishachipua juu, mwingine ikishavunwa na kuwekwa ghalani.

Ila jambo linalonigusa ni kwamba anampenda Varro. Anaona huzuni yake. Varro alisema anaandika kwa kuogopa miungu isije ikapotea, si kwa kushambuliwa na adui bali kwa wananchi wenyewe kutojali. Na Msomaji hili ni jibu la swali lako la pili kutoka mdomoni mwa mhifadhi wa dini mwenyewe: Varro aliandika kwamba Warumi wa kwanza waliabudu zaidi ya miaka 170 bila sanamu yoyote, na kama ingebaki hivyo mpaka leo miungu ingeheshimiwa kwa usafi zaidi, na waliowaletea watu sanamu waliwaondolea hofu ya miungu wakawaongezea upotovu. Mtu aliyetaka kuiokoa dini ya Roma ndo aliyesema hivyo.

BwanaSheria_Mst

Nimewasoma wote, mmetoa madini. Naomba niongeze upande mmoja ambao haujaguswa na bila huo picha haikamiliki, nao ni nani ana rungu mkononi wakati anaandika.

Tertullian mwaka 212 anamwandikia gavana Scapula wa Afrika, anasema ni haki ya binadamu na uwezo wa asili kila mtu kuabudu anachoona, dini ya mmoja haimdhuru wala haimsaidii mwingine, na sio kazi ya dini kulazimisha dini. Lactantius miaka 100 baadaye, mateso yakiwa yanaendelea, anasema hakuna kitu cha hiari kama dini, na dini inatetewa kwa kufa sio kwa kuua. Maneno mazuri kuliko hayo utayapata wapi.

Sasa njoo karibu mwaka 346. Konstantino, Kaisari wa kwanza Mkristo, keshapita, wanawe Constantius na Constans wanatawala, na Firmicus Maternus, mtu ambaye kabla hajaokoka aliandika vitabu 8 vya unajimu, anawaandikia hao makaisari wawili. Hoja ni zilezile, wafalme waliokufa, pepo, damu, aibu za hadithi za miungu. Ila sasa anawaambia ondoeni mapambo ya mahekalu, yeyusheni hiyo miungu mkachape pesa, mgonjwa hataki dawa ila mpeni tu kwa nguvu maana ni kwa faida yake. Miaka isiyofika 40 baada ya Lactantius! Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu, nikatoka nje nikatembea kwanza.

Na wapagani sasa ndo wanaomba uvumilivu. Kaisari Gratian aliondoa madhabahu ya Ushindi, mungu wa kike wa Kirumi, kwenye ukumbi wa baraza la Roma mwaka 382, na mwaka 384 Symmachus, mkuu wa mji, akamwandikia Kaisari Valentinian II ambaye ni kijana mdogo tu, akasema tunatazama nyota zilezile, anga ni letu sote, kuna ubaya gani kila mtu akiutafuta ukweli kwa akili yake, siri kubwa namna hii haifikiwi kwa njia moja tu. Askofu Ambrosi wa Milano akajibu kwamba ninyi mnachokitafuta kwa kubahatisha sisi tumekijua kutoka kwenye hekima ya Mungu yenyewe. Na akamtahadharisha kijana kwamba akikubali ombi lile anaweza kuja kanisani asikute padri. Symmachus akashindwa. Mwaka 391 na 392 Kaisari Theodosius akapiga marufuku kafara na ibada hizo kisheria, na ndo miaka hiyohiyo Serapeum ya Alexandria ikavunjwa, yaani nyumba ya Serapis yuleyule ambaye Caecilius wako Msomaji alimbusu kwa mkono pale Ostia.

Damu ilimwagika pande zote. Kule Sufes, Tunisia ya leo, miaka ya karibu 400, sanamu ya Hercules iliondolewa na watu wa mji wakaua Wakristo 60. Barua ya Augustino kwa viongozi wa mji ule ipo, fupi na kali, anawaambia Hercules wenu tutawarudishia, chuma kipo, marumaru zipo, mafundi wapo wengi, sisi turudishieni hizo roho za watu.

Msomaji_Usiku

Nimekaa na hii mada usiku wote. Karani kiti chako kitupu kimenisaidia kuelewa hoja, kibatari na Mama Shajara mmenisaidia kuona watu nyuma ya hoja. BwanaSheria wewe umenipa swali jipya ambalo sikuja nalo, kwamba sentensi ileile, "mungu wako ni pepo", ikisemwa na mtu anayesubiri simba ni kitu kimoja na ikisemwa na mtu anayemshauri mfalme ni kitu kingine kabisa. Sasa nitarudia Lactantius upya nikiwa na hilo.

Nianzie wapi kwa upande wa wapagani wenyewe, bila kupitia mikono ya mtu? Nianze na Symmachus?

Karani_wa_Kale

Symmachus mzuri ila anaongea na mfalme, kila neno limepimwa. Anza na Maximus wa Madaura, barua moja tu fupi, ya karibu mwaka 390. Yule alikuwa mwalimu mzee wa sarufi kwenye mji ambao Augustino alisoma akiwa kijana, Algeria ya leo, na anamwandikia kama mtu anayefahamiana naye. Anasema ni mwendawazimu gani atakayekataa kwamba Mungu ni mmoja, hana mwanzo, sisi nguvu zake zilizoenea ulimwenguni tunaziita kwa majina mengi kwa sababu jina lake halisi hatulijui. Kisha anamuaga kwa kumuombea miungu imtunze, hao ambao kupitia kwao sisi wanadamu wote tunamwabudu Baba yetu wa pamoja kwa namna elfu, tukitofautiana kwa kupatana.

Hiyo nayo imehifadhiwa kwenye barua za Augustino, kwa hiyo bila kupitia mikono ya mtu haiwezekani sana mkuu. Ila ni barua nzima, haijakatwakatwa. Jibu la Augustino limefuatia hapohapo, lisome siku ya pili, sio siku ileile.